Zege la sanaa halianikwi juani
SANAMU za watumwa zilizoko Mkunazini, Zanzibar, kazi ya mwaka 1998 ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden, zinathibitisha kuwa zege si la kujengea nyumba pekee.

Shule nazo, zikiwamo za vijijini kama kata ya Chunyu, wilayani Ruangwa, zinaweza kulitumia kufundishia sanaa. Mwanafunzi huchonga kalibu ya udongo wa mfinyanzi kinyume: palipobonyea ndipo patakapotokeza. Kisha humimina saruji, mchanga na kokoto ndogo zilizochanganywa na maji, akigongagonga ili hewa itoke.

Kuanika juani huleta nyufa. Zege haliwi gumu kwa kukauka, bali saruji inapoungana na maji. Hivyo hufunikwa na kumwagiliwa kwa siku 7. Saruji mbichi huunguza ngozi, hivyo glavu ni lazima.