Bangi Haifungui Vidole

Swali nimelisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mama wa kijana mpiga gitaa hapa Mponela: "Mwalimu, ni kweli lazima avute bangi kidogo ndipo jazi imwingie?" Si kweli, mama. Vijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, wamerithishana uongo huu, wengine wakichanganya bangi na kachasu, pombe kali ya kienyeji, na ukiwabana wanakutajia mpiga saksafoni wa jazi Charlie Parker.

Haya, tumtazame Parker. Kwa maelezo yake mwenyewe, alijifua saa 11 hadi 15 kwa siku, miaka mitatu au minne. Hizo saa hawazitaji. Julai 1946, huko Los Angeles, alikosa heroini aliyoizoea, akajaza pengo kwa pombe. Alirekodi "Lover Man" huku ameshikiliwa asianguke mbele ya maikrofoni. Rekodi ilipotolewa alikasirika. Mwaka 1955 alifariki, ana miaka 34. Mpiga saksafoni mwenzake Sonny Rollins, aliyemwiga hadi kwenye dawa za kulevya, alifika jela kisha hospitali ya kutibu uraibu ya Lexington, akihofu kwamba bila dawa hizo upigaji wake utadhoofika. Alipona, na mwaka 1956 akarekodi Saxophone Colossus. Kati ya 1959 na 1961 akaacha majukwaa, akawa anafanya mazoezi juu ya Daraja la Williamsburg, New York. Mbona huyo hamumwigi?

Hao walitumia heroini, lakini bangi nayo haisaidii: huvuruga hisia ya muda, na jazi ni muda. Mpigaji anajiona amepaa, kumbe mpiga besi na mpiga ngoma wanamkokota. Mwenye rekodi ya usiku aliovuta aisikilize asubuhi, metronomu ikilia pembeni. Ubishi utaisha hapohapo.

Cha kufanya kinajulikana. Chagua solo fupi, iimbe kwa mdomo kabla ya kugusa nyuzi, kisha ipige polepole na metronomu ya bure ya simu. Huna gitaa? Ingia kwaya ya kanisa yenye vyombo. Tafuta mzee aliyepiga rumba huko Congo, akufundishe ridhimu kwanza, solo baadaye. Omba nafasi Tamasha la Tumaini, linalofanyika Dzaleka tangu 2014. Ukialikwa Lilongwe, fuatilia kibali cha kutoka kambini mapema, na uende na bendi iliyofanya mazoezi.

Na wewe mzazi: bendi inayompa mwanao bangi au kachasu kwa jina la muziki, mtoe humo leo.