Kolo na Utopolo wakianza kujadili siasa

Usiku mmoja wa Agosti 2025 niliacha simu kwenye chaji nikaenda kuoga. Niliporudi, grupu letu la mpira la WhatsApp lilikuwa na meseji mia na themanini na kitu. Nikadhani ni usajili, maana Agosti ndiyo mwezi wa kudanganyana kuhusu usajili. Kumbe zilikuwa zimeenea habari kwamba Yanga imechangia shilingi milioni 100 kwenye harambee ya kampeni ya CCM.

Mimi ni Simba, nikajiandaa kucheka. Lakini waliokuwa wanachinjana mle ndani hawakuwa Simba na Yanga. Walikuwa Yanga kwa Yanga.

Nilieleze kwanza grupu lenyewe. Tuko sabini na kitu, wengi ni wanachuo wa hapa Malimbe, wachache wameshamaliza na wako makazini Ilemela, Geita na Bukoba. Lilianzishwa Novemba 2023, wiki ileile Yanga walipotupiga 5-1, kwa sababu watani walihitaji mahali pa kutuchekea kwa utaratibu. Mimi ni mmoja wa maadmini watatu. Sheria yetu ilikuwa moja tu, tumeibandika juu kabisa: "Mpira tu. Siasa hapana."

Usiku ule jamaa mmoja anayesoma sheria, Yanga damu, aliandika kwamba hela ya klabu ni ya wanachama wote, wakiwemo wasio CCM. Mwenzake akamjibu kwamba timu ina haki ya kumshika mkono anayeishika mkono. Hadi hapo ilikuwa hoja kwa hoja. Dakika kumi baadaye mmoja keshaitwa chawa, mwingine keshaitwa nyumbu, na skrinishoti za mwaka juzi zimeanza kufukuliwa. Saa sita usiku yule wa sheria akajitoa kwenye grupu. Asubuhi nikasikia kahamisha godoro. Hawa wawili walikuwa wanakaa geto moja. Bumu likichelewa, mmoja alikuwa anakopa kwa mangi kwa niaba ya wote wawili.

Nilifanya ambacho maadmini wote hufanya. Nililifunga grupu, tukabaki maadmini tu wenye uwezo wa kuandika. Kukawa kimya siku nne, nami nikajipongeza kwamba nimeleta amani.

Siku ya tano dada mmoja wa mwaka wa pili, Simba mwenzangu, alinifuata inboksi akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kaka, hukufuta siasa. Umefuta watu." Nilimkasirikia, kisha nikarudi nyuma kusoma meseji za miezi mingi. Alikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu.

Sheria ya "siasa hapana" inadhani siasa huingia kwenye mpira kutoka nje, kama mbuzi anavyoingia shambani kwa jirani. Kwetu ilikuwamo tangu zamani. Yanga ilianzishwa 1935 na historia yake haisimuliwi bila TANU kutajwa. Simba ilizaliwa 1936 na watu waliokorofishana na wenzao wa Yanga wakatoka, ikabeba jina la Sunderland hadi 1971. Mwekezaji wetu, Mohammed Dewji, alikuwa mbunge wa Singida Mjini kwa tiketi ya CCM kuanzia 2005 hadi 2015. Ismail Aden Rage alikuwa mwenyekiti wetu Simba huku ni mbunge wa Tabora Mjini, chama hichohicho. Kwa hiyo Simba anayemcheka Yanga kwa ile milioni 100 aangalie kwanza nyumbani kwake. Februari 2023 Rais Samia alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la timu zetu kwenye mashindano ya CAF, nchi nzima tukaliita Goli la Mama. Na hapa Mwanza, uwanja wetu mkubwa unaitwa CCM Kirumba kwa sababu ni mali ya CCM. Timu yetu iliyorudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka 23 inaitwa Pamba Jiji, na hilo Jiji ni halmashauri. Sasa mtu ataongeleaje mpira wa Mwanza bila kuikanyaga siasa?

Nilichokikuta kwenye zile meseji za zamani ni hiki. Aliyeandika "ahsante Mama kwa goli" aliachwa, kwa kuwa ule ni mpira. Aliyeuliza hela ya Goli la Mama inatoka fungu gani alifutiwa, kwa kuwa ile ni siasa. Aliyefuta ni mimi. Ilipofika Agosti, waliokuwa wanafutiwa walikuwa na hasira za mwaka mzima, na wale wengine hawakuwa na habari kwamba wenzao wana hasira.

Nijitetee kidogo. Admini anaogopa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinasema anayechapisha taarifa za uongo anaweza kukutwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Milioni 5, yaani goli moja la Mama. Mtu akirusha sauti ya "inside" saa nane usiku, aliyelala ni yeye, asiyelala ni admini. Lakini hofu hiyo inahusu uongo. Haikupaswa kunifanya nifute swali.

Kilichotusaidia hatukukitoa kwenye kitabu. Tulianza kujiuliza: inakuwaje mtu aitwe kolo kila siku miaka miwili asikasirike, halafu aitwe chawa mara moja ahame nyumba?

Kolo ni mimi, Utopolo ni wao. Anayeniita kolo leo anajua kesho nitamwita utopolo, na wote tunajua kuna mechi inakuja, dakika 90, na ubao utasema. Wao walitupiga tano, tukanyamaza. Mwaka 2025 sisi tukafika fainali ya Shirikisho dhidi ya Berkane, wakanyamaza wao, ingawa tulifungwa. Zamu inazunguka. Isitoshe, kolo haisemi lolote kuhusu akili yangu wala mfuko wangu. Inasema tu niko upande gani.

Chawa ni neno la aina nyingine kabisa. Linasema wewe huna mawazo, umelipwa. Nyumbu nalo linasema huna mawazo, unafuata kundi. Mtu akishaambiwa mawazo si yake, atajibu nini? Akileta hoja, ndiyo uchawa wenyewe. Akinyamaza, amekubali. Na kwenye siasa hakuna mechi ya marudiano wiki mbili zijazo, na wakati mwingine refa mwenyewe ndiye mnayemgombania.

Halafu kuna jambo ambalo wazee wetu walilijua na sisi tumebaki na nusu yake. Utani haukuwa ruhusa ya kutukana tu. Watani wa makabila, na hapa kwetu Kanda ya Ziwa wapo hadi leo, walikuwa na ruhusa ya kukucheka kwa sababu walikuwa na wajibu kwako. Ukifiwa, mtani anafika, anaigiza marehemu, anadai chake ndipo watu wapite, na huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Asiyekuja msibani hana ruhusa ya kutania. Sisi kwenye simu tumechukua ruhusa tukauacha wajibu.

Basi tulifungua grupu tukabadilisha utaratibu. Hatukuandika katiba. Kolo na utopolo ruksa. Chawa na nyumbu marufuku, hata kwa emoji, kwa sababu walishaanza kutuma picha ya mnyama. Siasa inayogusa mpira iongelewe wazi: hela, viwanja, viongozi. Siasa isiyogusa mpira ihamie kwenye vimbweta, ana kwa ana, Jumamosi jioni, maana ni vigumu kumwita mtu nyumbu huku anakumenyea muwa. Anayeleta habari aseme kaitoa wapi, na "imetumwa mara nyingi" si chanzo. Na kabla hujamjibu mtu, rudia kwanza alichosema mpaka akubali kwamba ndicho alichosema. Hii ya mwisho niliona ni ya kitoto. Ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote.

Tuliijaribu kwenye uwanja wa Kirumba. Jamaa mmoja alisema uwanja urudishwe kwa wananchi, kwa kuwa enzi za chama kimoja watu walichanga bila kuulizwa itikadi, na vyama vingi vilirudi 1992 vikavikuta viwanja tayari vimeshikwa. Mwenzake, kada wa wazi kabisa, ilibidi arudie hoja hiyo kabla ya kujibu. Alirudia mara tatu. Mara ya kwanza aliandika "unasema tumeiba." Akakataliwa. Mara ya pili, "unasema chama hakijafanya kitu." Akakataliwa tena. Mara ya tatu aliandika: "Unasema babu yako alichangia kama Mtanzania, si kama mwana-CCM." Akaambiwa ndiyo. Pakapita kama dakika tano hivi, tunaona tu "anaandika", inapotea, inarudi. Kisha akasema babu yake yeye pia alikuwa mkulima wa pamba huko Kwimba, na wazee wa wakati ule walihesabu chama na nchi kuwa kitu kimoja, kwa hiyo hata yeye hajui babu alikuwa anachangia kipi. Akamalizia kwamba chama ndicho kimeutunza, lakini binafsi angependa Pamba isiwe mpangaji.

Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Yule aliendelea kuwa kada, huyu akaendelea kutaka uwanja urudishwe. Ila nilijifunza kwamba mtu anaweza kuwa CCM na asikubaliane na CCM kuhusu uwanja, jambo ambalo miaka miwili ya "siasa hapana" haikuwahi kunionyesha. Hata ule ugomvi wa milioni 100, tulipourudia kwa utaratibu huu, tuliona yalikuwa maswali matatu yamefungwa furushi moja. Je, klabu inaruhusiwa kuchangia chama? Ile hela ni ya nani hasa, klabu au mfadhili? Na CCM inastahili kuchangiwa? Watu walikuwa wanagombana juu ya la tatu huku wakijifanya wanajadili la kwanza. La kwanza, ajabu, karibu wote tulikubaliana, Yanga na Simba, kada na asiye kada: wanachama waulizwe kabla.

Sikudanganyi kwamba grupu lilipona. Watu sita hawajarudi, akiwemo yule wa sheria. Na mjadala wa nani kajenga daraja la Kigongo–Busisi, aliyelianza au aliyelizindua Juni 2025, ulitushinda kabisa, tukaupeleka vimbweta nako ukashindikana.

Kisha ikaja Oktoba. Tarehe 29, siku ya uchaguzi, kulitokea maandamano na vurugu katika miji kadhaa, Mwanza ikiwemo, watu wakapoteza maisha, na intaneti ikazimwa. Grupu likawa halipo. Mimi nilikuwa nyumbani Igoma, na kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba kati ya watu sabini na kitu nina namba za kawaida za watu tisa tu ninaoweza kuwapigia nikajua watapokea.

Mtandao uliporudi siku kadhaa baadaye, hakuna aliyeandika hoja. Yule dada wa mwaka wa pili aliandika: "Tuitane majina." Tukaitana mmoja mmoja, upo, nipo, kolo fulani yupo, utopolo fulani yupo. Ilichukua siku mbili. Na ilipofika zamu ya yule aliyeitwa chawa mwezi Agosti, akaandika kwamba yuko kwao Sengerema na kuna msiba wa mdogo wake. Hakusema zaidi. Hakuna aliyemuuliza.

Mambo ya Oktoba hatujayajadili kwenye grupu mpaka leo ninapoandika. Wapo wanaosema tumeogopa, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini hapa kila aliyejaribu kuleta utani wake, hata wa upande anaoupenda, aliambiwa na watani wake mwenyewe auondoe. Tumekubaliana tutayaongea vimbwetani tukionana macho kwa macho, na wa Sengerema awe wa kwanza kusema kama anataka kusema.

Tulichanga rambirambi, tukaenda watu saba kwa Hiace. Kwenye daraja gari zima lilikuwa linaangalia maji, hakuna aliyetaja lilijengwa na nani. Tulipofika msibani tulimkuta yule wa sheria, aliyehamisha godoro, aliyekuwa hayumo hata kwenye grupu. Alikuwa hapo tangu juzi yake. Kavaa jezi ya Yanga, kakunja suruali, anabeba maji. Alituona tunashuka, akatua ndoo chini, akasema kwa sauti ya kusikika hadi turubai la wafiwa: "Makolo mmekuja kula tu? Kisima kiko kule."

Mfiwa aliinua kichwa akatuangalia, halafu akacheka kidogo. Nikachukua ndoo.