Mwache Mtoto Ajaribu Gofu

Leo tunazungumzia gofu. Si lile gofu la nyumba iliyobomoka, la! Ni ule mchezo wa fimbo na mpira mdogo mweupe unaouona ukipita na matatu kando ya ua mrefu, nyasi za ndani zimekatwa zikawa kama zulia.

Mama mmoja alituuliza hivi: "Kijana wangu ana miaka kumi na mmoja. Tunaishi karibu na uwanja wa gofu, naye huokota mipira inayoruka ua. Sasa anataka kujifunza. Baba yake anasema huo ni mchezo wa matajiri wenye vitambi. Nifanye nini?"

Mama, usimkemee mtoto. Na baba naye hajakosea yote. Royal Nairobi, mojawapo ya vilabu vya zamani zaidi nchini, ilianzishwa mwaka wa 1906, na katika enzi za ukoloni Mwafrika aliingia katika viwanja kama hivyo kufyeka nyasi au kubeba mfuko wa fimbo. Huyo mbeba mfuko ndiye tunayemwita kedi. Lakini baadhi ya wachezaji wetu wa kulipwa walianza kama makedi, wakijifunza kwa kutazama. Rose Naliaka, Mkenya wa kwanza mwanamke kucheza gofu ya kulipwa, baadaye aligeukia kuwafundisha watoto. Kwa hivyo hata binti yako asiachwe nyumbani na vyombo kaka yake akienda kucheza.

Sasa tuje kwenye afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 awe akiushughulisha mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Wengi hawafikii hapo. Asubuhi ni basi la shule, jioni ni kazi ya ziada ya masomo, usiku ni televisheni na simu. Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18, na anayeyamaliza yote kwa miguu hutembea karibu kilomita 8 au zaidi. Hayo ni matembezi ya saa nne hivi, mtoto akipanda na kushuka vilima bila kugundua kwamba anafanya mazoezi. Anayeanza hahitaji yote hayo. Mashimo matatu au manne yanamtosha.

Hata hivyo, tusidanganyane. Gofu haimfanyi mtoto ahemahema kama kandanda au kuruka kamba. Mifupa na moyo wa mtoto vinahitaji pia mbio na kuruka, kwa hivyo gofu iongezwe kwenye michezo mingine, isiiondoe. Uzuri wake ni kwamba mtoto mnene, au yule asiyechaguliwa kwenye timu kwa kuwa hana mbio, hapa ana nafasi sawa na wenzake. Anashindana na hesabu yake mwenyewe. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na mara nyingi hakuna refa wa kumfuata nyuma. Mtoto ndiye anayehesabu mapigo yake na kuyaandika, hata yale ya aibu.

Gharama je? Usikimbilie kununua mfuko mzima. Sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, lakini anayeanza anaweza kujifunza kwa moja au mbili, hata za mitumba. Fimbo ya mtu mzima ni ndefu na nzito kwake. Itamfanya apinde mgongo vibaya, kisha aje kulalamika kiuno. Fundi anaweza kuikata na kuifunga mshikio upya. Fika klabuni, uliza kama wana siku ya watoto na ada yao ni kiasi gani. Kuna pia Junior Golf Foundation, inayoshughulikia gofu ya watoto nchini. Mwalimu mzuri humwanzisha mtoto karibu na shimo, akisukuma mpira taratibu. Kupiga mbali kutakuja baadaye.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo watoto huumia. Hatari kubwa kwa mtoto anayeanza gofu ni fimbo ya mwenzake. Mtoto mmoja anazungusha fimbo, mwingine amesimama nyuma yake akitazama, na chuma kinampata kichwani au usoni. Mfundishe mwanao kabla hajashika fimbo: mwenzako akiinua fimbo, simama mbali naye, hatua tano au zaidi, na usipite mbele yake. Nyumbani fimbo isichezewe sebuleni wala uani penye watoto wadogo.

Akigongwa kichwani, mwache akae, asiendelee kucheza siku hiyo hata akisema amepona. Mwangalie kwa karibu siku nzima na usiku wake. Akizimia hata kwa muda mfupi, akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, akitokwa na damu au majimaji masikioni au puani, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje kupambazuke.

Jua nalo lisidharauliwe. Kofia yenye ukingo mpana, chupa ya maji, na kucheza kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Mtoto mwenye ualbino avae pia mikono mirefu na apakwe mafuta ya kukinga jua. Ngurumo ikisikika, mchezo umekwisha. Fimbo ni chuma na uwanja uko wazi. Watoto waingie katika jengo au gari, wasijikinge chini ya mti, na wangoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Jambo lingine ambalo wazazi huona haya kulitaja. Uwanja ni mkubwa, una vichaka, na watu wazima ni wengi. Mjue mwalimu kwa sura na kwa jina. Mtoto asifundishwe peke yake mahali pasipoonekana, wala asipokee pesa na zawadi za siri.

Basi mama uliyetuuliza, Jumamosi mfuate kijana wako hadi langoni, umwombe mlinzi akuonyeshe ofisi. Na kama baba yupo nyumbani, aje naye.