Mama Aliyempiga Risasi Mwanawe
Jumapili iliyopita tuliitazama tena nyumbani "Mother India", filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957. Nargis, akiigiza kama Radha, anataabika shambani kuwalea wanawe, huku Sukhilala mkopeshaji akiwanyonya. Birju, mwana kipenzi, anageuka jambazi na kumteka binti wa mkopeshaji siku ya arusi yake. Ndipo mama anapomwua kwa risasi.

"Mama wa kweli hawezi!" alisema binti yangu.

Bibi yake akamjibu, "Mjukuu wangu, huyo aliyetekwa naye ni mtoto wa mtu."

Sote tukanyamaza. Naona bibi alinena kweli: uchungu wa mwana haumruhusu mzazi kuufumbia macho uovu wake. Je, ndugu msomaji, wewe ungalifanyaje?