Mwenzako Akifunga Ramadhani Kazini

Alasiri moja ya mwezi wa Ramadhani, nililetewa mgonjwa kutoka kiwanda cha majani chai. Alikuwa akitetemeka, jasho likimtiririka, na maneno yake hayakueleweka. Wenzake walidhani amelewa. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa kisukari, alikuwa amefunga, na alikuwa amemeza vidonge vyake alfajiri kama kawaida. Sukari katika damu ilikuwa imeshuka mno. Tulimwahi.

Hapa Kisii na Nyamira Waislamu ni wachache, na wengi wetu hatujui la kufanya mwenzetu anapofunga. Huku karibu na ikweta saumu huchukua takriban saa 13 na nusu. Mtu mzima mwenye afya huweza kuistahimili bila madhara. Siku za kwanza huenda akaumwa na kichwa, hasa akiwa amezoea chai kutwa. Ni vyema aanze kuipunguza wiki moja kabla. Pia atasinzia, kwa kuwa huamka usiku kula daku.

Usingizi na kiu ni hatari kwa anayeendesha mitambo ya kiwanda, anayekata mawe kule Tabaka, au mwendeshaji wa bodaboda. Msimamizi, mpe kazi nzito asubuhi, wala usimwache peke yake kwenye mashine jioni. Viwandani, majani mengi hufika jioni, saa ile ile ya kufuturu. Panga zamu ili apate angalau dakika 15 za kunywa maji, kula tende na kusali.

Nawe unayefunga, usikose daku. Uji au ugali wa wimbi, maharagwe na chinsaga hukaa tumboni kuliko mkate mweupe na chai ya sukari. Kunywa maji kidogo kidogo tangu kufuturu hadi daku, na upunguze chumvi.

Wenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa au ugonjwa wa figo, pamoja na wajawazito, wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Usiache dawa wala kubadilisha saa zake kwa hiari yako. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula. Kudunga kidole ili kupima sukari hakubatilishi saumu, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 au kikizidi 16.6, fungua mara moja.

Je, ukimwona mwenzako anatetemeka, anatoka jasho jingi au anababaika? Mketishe. Ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au soda yenye sukari. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, mrudilie na umpeleke hospitali. Akiwa amezirai, mlaze ubavu, usimtie chochote kinywani, na umkimbize hospitali bila kuchelewa.

Mwisho, huna haja ya kujificha na kikombe chako cha chai. Usimshurutishe tu aonje, wala usimdhihaki. Lakini muulize mapema, kwa faragha, kama ana ugonjwa unaopaswa kujua. Laiti wenzake yule mgonjwa wangemuuliza, wasingedhani ni pombe.