George Lilanga: Mchongaji Aliyeipaka Ngoma Rangi

Mtu akiziona picha za George Lilanga kwa mara ya kwanza hudhani zimechorwa na kijana wa mjini aliyekulia kwenye vibonzo. Viumbe wenye masikio makubwa, midomo iliyochomoza na matumbo yaliyotangulia mbele wamejazana kila mahali, wakirusha miguu yenye vidole viwili vitatu. Rangi zinawaka na hakuna anayetulia. Wachambuzi wa Ulaya na Marekani wamezoea kumtaja sambamba na mchoraji Keith Haring wa New York. Ulinganisho huo una maana yake, lakini asili ya picha hizo iko kwenye uwanja wa mapiko, katika nchi ya Wamakonde ya pande zote mbili za Mto Ruvuma.

Mapiko ni ngoma ya kinyago, na toka zamani imekwenda pamoja na sherehe za vijana wanaotoka jandoni na unyagoni. Mchezaji wake, lipiko, huvaa kichwa cha mti kilichochongwa kikawa na tundu ndani, na hutazama nje kupitia mdomo wa kinyago. Mara nyingi kichwa hicho hubandikwa nywele halisi kwa nta ya nyuki. Mwili hufunikwa nguo hadi asitambulike, kisha hufungwa njuga. Pembeni hukaa wapigaji. Vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka, huchomekwa ardhini na kupigwa kwa fito nyembamba, zikatoa mlio mkali usiokatika. Ngoma kubwa ndizo husemezana na lipiko: humwita, humsukuma, na zikikata ghafla naye hukata hatua papo hapo. Mchongaji, mshonaji, mpigaji na mchezaji hufanya kazi moja, kwa hiyo kinyago kilichotundikwa ukutani ni nusu tu ya kazi hiyo.

Wengi hawafahamu kwamba mapiko hayajawahi kusimama mahali pamoja. Mtafiti Paolo Israel, ambaye kitabu chake juu ya mapiko ya Msumbiji kilitoka mwaka 2014, ameonyesha jinsi vikundi vilivyoshindana kwa kubuni mapigo, hatua na nyuso mpya, kila kizazi kikitafuta namna ya kukipiku kilichotangulia. Vinyago vilichongwa kwa sura za wakoloni na askari, na baada ya uhuru zikaja sura za viongozi. Upande wa Tanzania kulikuwa pia na kinyago cha kiwiliwili chenye tumbo la mja mzito, ambacho mwanamume alijifunga kifuani ili amwigize mwanamke. Sanaa ya majaribio inayosifiwa leo kwenye majumba ya Berlin na Paris, inayochanganya sauti, mwili na sanamu, imekuwa kazi ya kawaida huku kusini kwa muda mrefu.

Wamakonde wa Msumbiji walipovuka Ruvuma kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ustadi huo walivuka nao. Katika miaka ya 1950, mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam alianza kununua kazi za mpingo na kuwatia moyo wachongaji, na Samaki Likankoa akaibua mtindo wa shetani, wenye viungo vilivyopindwa na nyuso zisizo za dunia hii. Mpingo wenyewe una kazi mbili, kwani mti huohuo wa misitu ya Lindi na Mtwara ndio unaotengenezewa klarineti na obo huko Ulaya.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi. Alijifunza kuchonga akiwa bado kijijini, akianza na miti laini kabla ya kuushika mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, ambako mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Lilanga aliingia pale kama mlinzi. Kazi zake zilipoonekana, aliacha lindo akawa msanii. Mwaka 1974 alishiriki maonyesho Dar es Salaam, na mwaka 1978 kazi zake zilichukua sehemu kubwa ya maonyesho ya wasanii wa Afrika mjini Washington.

Pale Nyumba ya Sanaa hakukaa na chombo kimoja. Alichora kwa wino juu ya ngozi ya mbuzi, akatia batiki, akachapa picha kutoka kwenye bamba la chuma. Baadaye alichukua rangi za mafuta, zilezile za kupakia milango na baiskeli, ambazo Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alikuwa amekwisha kuzitumia juu ya mbao za dari. Hatua yake ya kijasiri zaidi aliichukua katika uchongaji wenyewe. Soko lilitaka mpingo mweusi unaong'aa, naye akachonga miti myeupe na kuipaka nyekundu, buluu na njano.

Ukitaka kuisoma picha yake, fuata miguu. Kiumbe mmoja akiinua goti, wa pembeni anaitikia kwa kiwiko, na wa tatu anajaza nafasi iliyobaki. Madoa na mistari inajirudia bila kuacha pengo, kama vinganga visivyonyamaza. Mashetani wake wanakunywa, wanasengenya, wanagombana na kucheza. Wametoka msituni, sasa wanaishi uswahilini.

Kisukari kilimsumbua hadi akakatwa mguu, lakini aliendelea kufanya kazi akiwa na wasaidizi. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005, wakati picha zake zikizunguka miji mikubwa katika maonyesho ya Africa Remix. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, lakini Lilanga alitunzwa zaidi ugenini.

Vinyago navyo vilifika ugenini: mwaka 2010 Tanzania ilirudishiwa kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 na baadaye kufika katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva. Kukirudisha kulikuwa haki. Haki iliyobaki ni kukirudishia ngoma yake. Mtwara ina tamasha la MaKuYa la Wamakonde, Wamakua na Wayao, ina wachongaji, na wapigaji bado wapo. Walimu wa sanaa wa Mtwara, Newala na Masasi wawaite mafundi hao darasani siku moja, mpigaji na mchongaji pamoja, na wawaache wanafunzi wabuni lipiko la zama zao.