Spea za Hita za Magari ya Zamani: Pimeni Kwanza, Ndipo Muuze

Katika toleo hili tunazungumza na vikundi vya mafundi wa jua kali, hasa nyinyi mnaochomelea ekzosi hapa Nakuru, Gilgil, Naivasha na Molo. Kuna spea moja ambayo ikitengenezwa vizuri huleta pesa, na ikitengenezwa ovyo huua. Ni boksi la hita la magari ya zamani yenye injini nyuma: Volkswagen Beetle na ndugu yake wa mbio, Porsche 911.

Magari haya si wageni kwetu. Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1962. Porsche 911 ilimaliza ya pili mwaka 1972 na tena 1974. Mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, akiendesha Porsche 911. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani huko Mexico mwaka 2003. Ndiyo maana mwenye gari kama hilo hutafuta spea kuukuu iliyotengenezwa.

HITA HII INAFANYAJE KAZI?

Injini hizi hazina rejeta. Hupozwa kwa hewa. Kwa hiyo hakuna maji moto ya kuleta joto ndani ya gari. Badala yake, bomba la ekzosi limevikwa ganda la bati. Feni inapuliza hewa katikati ya bomba na ganda, hewa inapata joto, kisha inaingia hadi miguuni mwa dereva. Anayepita Mau Summit au Timboroa alfajiri anajua faida yake.

HATARI IKO WAPI?

Moshi unapita ndani ya bomba. Hewa ya kupumua inapita nje ya bomba hilo hilo. Kinachozitenganisha ni chuma chembamba tu. Kutu ikikitoboa, sumu ya kaboni monoksaidi inaingia kwa abiria. Ni sumu ile ile ya jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Akiwa ndiye dereva, mnajua yatakayofuata. Mgonjwa atolewe nje penye hewa safi na apelekwe hospitali mara moja.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Fungueni ganda lote. Ganda zuri linaweza kuficha bomba bovu.

2. Sugueni kutu, kisha gongeni bomba polepole kwa nyundo ndogo. Likibonyea, limekwisha. Kateni sehemu hiyo mtie bomba jipya. Msizibe tundu kwa pati, joto litaitoa.

3. Msitumie mabati ya paa. Zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomletea fundi homa.

4. Zibeni ncha zote za bomba, tieni hewa kidogo kwa pampu, na mlitumbukize katika pipa la maji. Mkiona mapovu, rudieni kuchomelea.

5. Rudisheni ganda, kisha mpime tena. Moto wa kuchomelea ganda huweza kutoboa bomba.

KUUZA KWA UKWELI

Tuchukue mfano. Mmenunua boksi bovu kwa shilingi 3,000, vifaa 1,500, kazi ya fundi 1,500. Jumla ni 6,000. Mkiuza 8,000, kikundi kinabaki na 2,000. Kuruka kipimo cha maji kutawaokolea nusu saa tu, lakini mteja mmoja akidhurika, faida yote na jina la kikundi vimekwenda.

Andikeni kwenye risiti: "Spea kuukuu, imetengenezwa, imepimwa," pamoja na tarehe na jina la fundi aliyepima. Mwambieni mteja abadilishe gasketi anapoifunga, na akisikia harufu ya moshi afunge hita, afungue madirisha na arudi kwenu. Boksi lisilopona lisiuzwe kwa bei ya chini. Likateni liwe chuma chakavu. Pia wekeni daftari la mliowanunulia, kwa sababu Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni, na mali ya wizi huleta taabu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani ana ruhusa ya kusema, "Spea hii haiuzwi"?

2. Mteja akitaka ya bei rahisi isiyopimwa, tutamjibu nini?